Mali bila daftari: kazi inayosemwa kwenye gumzo na kupotelea humo

Mameneja wengi wakitaka kurekebisha mawasiliano ya ndani huanza na swali la programu: tubaki WhatsApp, tuhamie Telegram, au tulipie programu za ofisini kama Slack au Teams? Ni swali halali, ila limewahi zamu yake. Linalotangulia ni hili: jambo la kazi likishasemwa kwenye kundi, linatoka humo kwenda wapi, anayelitoa ni nani, na kabla ya saa ngapi? Ofisi isiyo na jibu itahamia programu mpya na fujo yake yote, kama anayehama nyumba na godoro lenye kunguni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kundi la gumzo lina kasi, lina picha na sauti, lina hata alama za kuonyesha nani kasoma. Kinachokosekana ni mahali pa kutazama na kuona kazi zipi ziko wazi leo, ni za nani, zinaisha lini. Ombi la saa 3 asubuhi likifika saa 6 mchana limeshafukiwa chini ya jumbe nyingine sitini, na hakuna kengele itakayolia kwamba halijaguswa.

Asili ya programu zenyewe inaeleza mengi. WhatsApp ilianza mwaka 2009 kwa ajili ya watu wanaojuana, na Facebook iliponunua kampuni hiyo mwaka 2014, tayari ilikuwa kwenye simu za wafanyakazi kabla waajiri hawajaifikiria. Hakuna kikao kilichokaa kuichagua. Mtu mmoja alifungua kundi ili kupanga safari au kikao cha dharura, kundi likabaki, bosi akaongezwa, na siku ile likawa ofisi. Slack ilipita njia nyingine. Ilikuwa zana ya ndani ya timu iliyokuwa ikitengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Glitch. Mchezo ukafa, zana ikabaki, ikatangazwa mwaka 2013. Jina lake hufafanuliwa kuwa kifupisho cha maneno yenye maana ya kumbukumbu inayotafutika ya mazungumzo na maarifa yote. Moja ilijengwa kwa ajili ya kuongea, nyingine kwa ajili ya kutafuta yaliyoongelewa. Hata hiyo ya pili, hata hivyo, haimwambii mtu kazi gani haijafanywa.

Tusilidharau gumzo. Kwa mambo yenye umri mfupi halina mpinzani: gari limefika, umeme umekatika ghorofa ya pili, mteja yuko mapokezi, kikao kimesogezwa nusu saa. Kupeleka mambo kama hayo kwa barua pepe ni kuwapa watu kazi ya kufungua sanduku kwa habari ambayo itakuwa imechacha kabla hawajaisoma. Kipimo chepesi ni kujiuliza: keshokutwa kuna mtu atakayeuhitaji ujumbe huu? Kama hakuna, mahali pake ni kwenye gumzo na uachwe ufe huko. Kama yupo, gumzo ni kituo tu, na ujumbe una safari mbele.

Sasa, maombi hupotelea wapi hasa? Kwanza katika wingi wa walioambiwa. "Naomba mtu aangalie printa" ukitumwa kwa watu arobaini, kila mmoja ana sababu nzuri ya kuamini kuwa wengine thelathini na tisa wameusikia. Ombi la kazi linahitaji vitu vinne ndani ya ujumbe mmoja: jina la mtu, kitendo, kitu chenyewe na saa ya mwisho. "@Asha, naomba uhakiki safu ya jumla katika bajeti ya robo ya pili, kabla ya saa 9 alasiri leo." Kumtaja mtu kwa alama ya @ kuna faida ya pili: kwa kawaida aliyenyamazisha kundi bado hupata arifa anapotajwa, ingawa hilo hutegemea programu na alivyopanga simu yake. Ndiyo maana kuwataja wote kila mara ni kujiharibia: mlio ukizoeleka, simu inawekwa kimya kabisa.

Pili, katika neno "sawa". Sijui neno linalogharimu kazi nyingi kuliko hili. Likiandikwa chini ya agizo laweza kuwa na maana tatu: nimeuona ujumbe, nakubaliana na uamuzi, au nimeshaifanya kazi. Aliyetuma husoma maana ya tatu, aliyejibu alikusudia ya kwanza, na tofauti hugundulika siku ya kukabidhi. Dawa ni kukubaliana juu ya alama na kuziandika katika maelezo ya kundi: jicho maana yake nimeona, dole gumba nimekubali na nitafanya, tiki nimemaliza. Kwenye WhatsApp kila mtu ana alama moja tu kwa kila ujumbe, hivyo akiweka tiki, jicho alilokuwa ameweka linaondoka lenyewe. Hali ya kazi inasomeka bila mtu kuandika neno. Na zaidi ya hapo, zile "sawa" ishirini na tano zinazosukuma ujumbe wenyewe nje ya skrini zinakoma.

Tiki mbili za buluu zisichanganywe na hayo. Zinasema ujumbe ulifunguliwa kwenye simu. Hazisemi ulieleweka, na mtu aweza kuzizima katika mazungumzo ya watu wawili. Meneja anayemwambia mfanyakazi "nimeona umesoma" anajenga ofisi ya watu watakaojifunza kusoma kupitia arifa bila kufungua ujumbe.

Salamu tupu nayo ina gharama yake. Mtu huandika "Habari za asubuhi", kisha hunyamaza akingoja aitikiwe ndipo aseme haja yake. Mwenzake yuko kwenye kikao. Anaitikia baada ya saa moja. Mwenye haja naye ameshatoka. Nusu siku imekwenda na hakuna aliyejua kinachotakiwa. Kufuta salamu si tiba, kwani ombi lisilo na salamu husomeka kama amri. Salamu na haja ziwe ndani ya ujumbe mmoja, basi.

Gharama ya kusoma ndiyo isiyoonekana kwenye hesabu za ofisi. Chukua kundi la watu 40 ambamo kila mmoja anatuma jumbe 5 kwa siku. Hizo ni jumbe 200, na kila moja inasomwa na watu 39: usomaji 7,800. Tukikadiria sekunde 10 tu kwa kila ujumbe, tunapata sekunde 78,000, yaani karibu saa 22. Kundi limekula siku karibu tatu za kazi za mtu mmoja, kila siku, na hapo hatujahesabu muda wa kurudisha akili kwenye kazi iliyokatizwa. Ukiligawa kundi hilo kuwa makundi manne ya watu kumi, kwa jumbe zilezile 200, usomaji unashuka hadi 1,800. Ndiyo sababu ukomo wa WhatsApp wa watu 1,024 kwa kundi usichukuliwe kama mwaliko. Kundi la kazi likipita watu kumi na wawili hivi, wengi wao ni watazamaji. Watazamaji wapewe kundi la matangazo ambamo wasimamizi pekee ndio wanaoandika.

Ujumbe wa sauti ni raha ya msemaji na mzigo wa msikilizaji. Dakika nne za sauti, kwa kasi ya kawaida, husikilizwa kwa dakika nne, ilhali maneno yaleyale yakiandikwa husomwa kwa muda mfupi zaidi, na mtu anaweza kurukia sehemu inayomhusu. Baya zaidi, sauti haitafutiki kwa neno: miezi mitatu baadaye hakuna atakayeikumbuka ile ya sekunde 97 iliyobeba bei iliyokubaliwa. Si lazima kuipiga marufuku. Mafundi walio juu ya ngazi na madereva wana haki nayo. Kanuni inayotosha ni kwamba sauti yenye agizo ifuatwe na mstari mmoja wa maandishi kutoka kwa aliyeituma: nani, nini, lini.

Picha na mafaili yana hila zake. WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha inapotumwa kama picha. Namba ndogo kwenye risiti au mchoro hugeuka ukungu. Itumwe kama hati, ibaki ilivyo. Kwa mafaili tatizo ni nakala. Kila mtu anayefungua jedwali kutoka kwenye gumzo, akalirekebisha na kulirudisha, amezaa jedwali jipya. Kufikia Ijumaa yapo saba, mawili yanaitwa "mwisho" na moja "mwisho kabisa". Faili linalohaririwa na zaidi ya mtu mmoja lisipite kwenye gumzo hata siku moja. Kiunganishi chake ndicho kinachotumwa, lenyewe linakaa kwenye hifadhi ya pamoja. Na tukiwa hapo: agizo likibadilika, usihariri ujumbe wa zamani. WhatsApp inaruhusu kuhariri ndani ya dakika 15, na neno dogo la kuonyesha kuwa umehaririwa halimfikii aliyesoma mapema na kwenda zake. Andika ujumbe mpya ukiunukuu ule wa kwanza.

Tufike kwenye daftari lenyewe. Linaweza kuwa programu ya kusimamia kazi, lakini jedwali la pamoja lenye safu sita linatosha ofisi nyingi: namba, kazi, mwenye kazi, tarehe ya mwisho, hali, na mahali uamuzi ulipofanyika. Kisha anateuliwa mtu wa zamu, wiki moja moja. Kazi yake ni kupitia makundi mara mbili kwa siku, kabla ya chakula cha mchana na nusu saa kabla ya kufunga ofisi, na kuhamisha kila kitu chenye kitenzi na mtu. Uamuzi nao unahamishwa, pamoja na sababu yake kwa sentensi moja. Akimaliza anarudi kwenye gumzo na kuandika namba tu: "Imeingia, 214." Kuanzia hapo mjadala wa kazi hiyo unataja 214, na hata programu yenye utafutaji dhaifu inaweza kuzitafuta tarakimu tatu. Kwa timu ya watu kumi shughuli hii haipaswi kupita dakika ishirini kwa siku. Ikizidi, chanzo kwa kawaida ni maombi yasiyo na majina, na mtu wa zamu analazimika kuwauliza watu walimaanisha nini.

Mpango huu huvunjika mahali pamoja panapotabirika: juu. Mkurugenzi anatuma agizo saa 4 usiku, halina jina wala tarehe, na mtu wa zamu, ambaye ni mdogo kicheo, anaona aibu kumuuliza. Agizo linaachwa, au linaandikwa kwa kubahatisha. Hakuna programu inayotibu hilo. Tiba ni wakubwa wenyewe kukubali, kwa maandishi, kwamba agizo lao lisilo na namba kwenye daftari halijatolewa. Ugonjwa wa pili wa cheo ni kimya. Bosi anapouliza kwenye kundi "kuna mwenye pingamizi?" na watu hamsini wakanyamaza, hajapata ridhaa, amepata watu hamsini wasiotaka kumpinga hadharani. Maamuzi yenye ubishi yaulizwe kwa mtu mmoja mmoja au kikaoni, kisha matokeo ndiyo yatangazwe kwenye kundi. Karipio halikadhalika: likitolewa mbele ya wote linabaki kwenye simu zote.

Suala la usiri watu hulizungumza vibaya. Husikia kwamba WhatsApp, tangu Aprili 2016, imesimba mazungumzo yake yote mwanzo hadi mwisho, yaani kuyafunga ili wasome mtumaji na mpokeaji tu, wakahitimisha kuwa wako salama. Usimbaji unalinda njia, haulindi ncha, yaani simu na watu walio pande mbili. Machi 2025 maofisa wa juu wa usalama wa Marekani walikuwa wakijadili mashambulizi ya Yemen kwenye kundi la Signal, programu inayosifika kwa usimbaji wake. Mhariri wa jarida la The Atlantic, Jeffrey Goldberg, alikuwamo humo kwa kuongezwa kimakosa. Usimbaji ulifanya kazi yake barabara, ukampelekea kila neno. Hospitali nazo zina somo lao. Agosti 2023 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza iliikaripia rasmi taasisi ya NHS Lanarkshire ya Uskoti: wafanyakazi 26 walikuwa wameweka taarifa za wagonjwa kwenye kundi la WhatsApp zaidi ya mara 500 kati ya Aprili 2020 na Aprili 2022, na mtu asiye mfanyakazi aliwahi kuongezwa humo kwa makosa. Walikuwa wanahangaika kufanya kazi wakati wa janga la korona, bila mwongozo ulio wazi na bila zana mbadala inayofaa.

Upande mwingine wa sarafu ni kumbukumbu zinazotakiwa kisheria. Desemba 2021 benki ya JPMorgan, kupitia vitengo vyake, ilikubali kulipa jumla ya dola milioni 200 kwa wasimamizi wawili wa masoko ya Marekani, na Septemba 2022 kampuni 16 za fedha zikatozwa na mmoja wa wasimamizi hao zaidi ya dola bilioni 1.1. Kosa halikuwa kuvujisha siri. Wafanyakazi, wakubwa wakiwamo, waliongea kazi kwa WhatsApp na jumbe za simu binafsi, na kampuni hazikuhifadhi mazungumzo hayo. Kwa hiyo zile jumbe zinazojifuta baada ya saa 24, siku 7 au 90 zinafaa kwa mambo ya kupita. Zikiwashwa kwenye kundi linaloidhinisha malipo, zinaweza kumtia mwajiri matatani.

Malipo yana kanuni yake isiyo na mjadala: agizo la kulipa au kubadilisha namba ya akaunti ya benki halifanyiwi kazi kwa sababu limetoka kwenye gumzo, hata kama picha na jina ni vya mkurugenzi. Anapigiwa simu kwa namba iliyokuwapo kwenye kumbukumbu za ofisi tangu awali, si ile iliyotuma ujumbe. Kila mfanyakazi awashe uthibitishaji wa hatua mbili, ambao kwa WhatsApp ni nambari ya siri ya tarakimu sita, na nakala rudufu isimbwe pia. Hilo la mwisho watu husahau: usimbaji wa nakala iliyohifadhiwa kwenye Google Drive au iCloud ulikuja kama hiari mwaka 2021, na asipouwasha mwenyewe, mazungumzo yaliyofungwa njiani yanakaa wazi ghalani.

Halafu kuna anayeondoka kazini. Siku yake ya mwisho aondolewe kwenye makundi yote kwa orodha, sio kwa kukumbuka. Kama yeye ndiye msimamizi pekee wa kundi, usimamizi ukabidhiwe kwanza, maana akitoka bila kukabidhi WhatsApp humteua mwanakundi mwingine yeyote. Akitumia simu yake mwenyewe, kila alichopokea anaondoka nacho, na mwajiri hawezi kukifuta. Hapa ndipo programu za ofisi zinapozidi: akaunti ya Slack au Teams ni mali ya kampuni, ikifungwa imefungwa, na mrithi anayasoma mazungumzo ya chaneli tangu mwanzo. Kwenye WhatsApp anayeongezwa leo, kwa kawaida, haoni ya jana.

Muda wa kazi tupite nao kwa haraka, kwa kuwa kanuni zake ni chache. Ufaransa ina haki ya mfanyakazi kujitenga na zana za kazi baada ya saa za kazi tangu Januari 2017, Ureno ilipitisha sheria yake mwaka 2021, Australia ikafuata Agosti 2024. Mwajiri aliye kwingine anaweza kuweka ya kwake leo: baada ya saa za kazi gumzo halidai jibu, na dharura hupigiwa simu. Slack, Teams na Telegram zinaruhusu kuandika usiku na kupanga ujumbe uende asubuhi. Kuandika "si haraka, mtajibu kesho" saa 5 usiku hakusaidii, simu imeshalia.

Namba za simu za dharura, tukiwa hapo, zichapishwe kwenye karatasi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita, na hitilafu hiyo ikakwamisha hata zana za ndani za wahandisi waliokuwa wakihangaika kuirekebisha.

Ukishayapanga hayo, uchaguzi wa programu unakuwa mwepesi. Timu ya watu wasiozidi kumi na wawili, isiyogusa taarifa nyeti, inaweza kubaki WhatsApp kwa laini za ofisi. Telegram ina utafutaji mzuri, ila makundi yake hayana usimbaji wa mwanzo hadi mwisho. Kwa jumbe, unapatikana tu kwenye mazungumzo ya siri ya watu wawili. Slack ya bure huonyesha jumbe za siku 90 tu, kwa hiyo anayeitegemea kama kumbukumbu amejenga juu ya mchanga. Zulip, programu nyingine ya gumzo la kazini, imejengwa ili mtumaji aupe ujumbe mada, jambo linaloudhi wiki ya kwanza na kuokoa miezi inayofuata. Hiyo, pamoja na Mattermost, huweza kuwekwa kwenye seva yako mwenyewe, mradi awepo mtu wa kusasisha mfumo na kujaribu kurejesha nakala rudufu, si kuzitengeneza tu.

Uhamaji wenyewe ufanywe kwa timu moja, wiki mbili, na kundi la zamani lisiachwe wazi sambamba na jipya, la sivyo watu watarudi walikozoea. Siku ya kuhama hamisha kazi zilizo wazi kwenye daftari, funga uandishi ubaki kwa wasimamizi pekee, badilisha jina la kundi lianze na neno IMEFUNGWA, bandika juu ujumbe wenye kiunganishi cha mahali papya. Baada ya siku 30, hifadhi mazungumzo yanayotakiwa, kisha waondoe watu mmoja mmoja na msimamizi atoke wa mwisho.